Kabla Hujampulizia Ndege Dawa

Usiku, taa zikishazimwa, funika tundu la ndege kwa shuka jeupe. Alfajiri, kabla jua halijapanda, lifunue taratibu ukague upande wa ndani, hasa kwenye mikunjo. Ukiona vidoa vidogo mfano wa vumbi la pilipili, vikawa vinatembea, na ukivisugua kwa kidole vikaacha alama ya damu, basi umemgundua anayewanyonya ndege wako usiku kucha. Huo ni utitiri mwekundu, ambao wataalamu wanauita Dermanyssus gallinae.

Kipimo hicho hakigharimu chochote, lakini wafugaji wengi wa ndege wa nyumbani wanakiruka. Ndege akianza kujikuna, au manyoya yakipukutika, mwenye ndege anakimbilia duka la dawa za mifugo, anaomba dawa ya utitiri, anapewa chupa na kurudi kupulizia. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu utitiri si wa aina moja. Kuna unaoishi kwenye mbao za tundu, kuna unaochimba ngozi, kuna unaokaa ndani ya koo. Dawa inayoua huu inaweza isiuguse ule, na wakati mwingine anayekufa ni ndege mwenyewe.

Utitiri mwekundu hauishi mwilini mwa ndege. Mchana umejificha kwenye nyufa, kwenye ncha za vijiti vya kutulia, chini ya trei na ndani ya kiota. Ukiwa na njaa ni wa kijivu. Wekundu unatokana na damu. Mkubwa wake hufikia kama milimita moja tu, lakini penye joto yai huweza kuwa utitiri mzima kwa muda wa wiki moja hivi, na wakubwa huvumilia miezi mingi bila kuonja damu. Ndiyo maana tundu la mitumba lililokaa stoo nusu mwaka linaweza kukuletea janga jipya. Wanaoumia zaidi ni makinda, kwa kuwa hawawezi kuhama kiota. Damu inakwisha kidogo kidogo hadi ndani ya midomo yao kunakuwa kweupe, wanakufa, na mwenye ndege anailaumu mbegu ya chakula.

Dawa kubwa hapa ni kazi ya mikono. Wahamishe ndege, choma kiota cha zamani, tupa vijiti vya mbao, mwagia tundu maji yanayochemka hadi kwenye kila kiungo, kisha lianike juani. Rudia baada ya siku chache, kwa sababu kuna mayai yaliyosalia. Kumpaka ndege dawa mchana huku adui amelala kwenye ufa wa ukuta ni kumtesa bure.

Na utitiri huu unauma watu. Nyumba yenye banda la njiwa dirishani, au viota vya shomoro chini ya bati, inaweza kuvamiwa makinda yakisharuka na kuacha kiota kitupu. Watoto wanaamka na vipele vinavyowasha mikononi na shingoni, familia inadhani ni kunguni au upele, magodoro yanapigwa dawa, na kiota bado kiko pale pale juu ya dari.

Jinsi dawa isiyofaa inavyoweza kuharibu mambo, Ulaya ilijionea mwaka 2017. Huko Uholanzi, mabanda ya kuku yalipigwa dawa ya utitiri mwekundu iliyochanganywa na fipronili, sumu isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula. Mabaki yake yakakutwa kwenye mayai. Mamilioni ya mayai yakaondolewa madukani katika nchi kadhaa, na kuku wengi wakauawa.

Sasa tuje kwa baji, kasuku wadogo wa asili ya Australia wanaouzwa mijini wakiwa wa kijani, bluu na njano. John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wameenea duniani kote. Maradhi yao yanayojulikana sana ni uso wa magamba. Yanaletwa na utitiri uitwao Knemidocoptes pilae, uliopewa jina hilo kitaalamu mwaka 1951. Huu haujifichi ukutani. Maisha yake yote unaishi kwenye ngozi ya ndege, ukichimba vijishimo kwenye pembe za mdomo, kuzunguka matundu ya pua, kando ya macho na miguuni. Ngozi inaota ukoko mweupe wenye vitundu vitundu. Ukiachwa, mdomo unapinda na kurefuka mpaka ndege anashindwa kumenya mbegu.

Makinda huupata kwa wazazi wangali kiotani. Wengi huishi nao kwa miezi au miaka bila dalili, kisha ndege anapopata mtikisiko, kama kuhamishwa, kusongamana, lishe duni au ugonjwa mwingine, ukoko unachomoza. Kwa hiyo ukimwona baji mmoja wa aina hiyo kati ya kumi, usidhani tisa waliobaki wamepona. Wote watazamwe, na wote wapate tiba.

Tiba ipo, na ina historia ya kuheshimiwa. Ivermektini ilitokana na bakteria wa udongo uliokusanywa Japani na Satoshi Ōmura, kisha William Campbell na wenzake wakaifanyia kazi nchini Marekani. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ni dawa ile ile inayogawiwa kwa wananchi dhidi ya usubi katika maeneo kama Mahenge, Tanzania. Inaua utitiri wa ngozini vizuri sana. Tatizo ni kipimo.

Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndege wengi wanapotea. Kipimo kinachotumika sana kwa ndege ni miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Baji ana gramu 30 hadi 40. Wa gramu 35 anahitaji miligramu 0.007. Chupa ya sindano ya ng'ombe na mbuzi inayouzwa madukani kwa kawaida ina asilimia 1, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo baji wetu anahitaji mililita 0.0007. Hakuna bomba la sindano la dukani linaloweza kupima kiasi hicho. Alama ndogo kabisa ya bomba la mililita moja, yaani mililita 0.01, tayari ni zaidi ya mara 14 ya kipimo. Na tone moja la kawaida, lenye kama mililita 0.05, ni takriban mara 70.

Anayemdondoshea baji tone la dawa ya mbuzi kwa sababu jirani alifanya hivyo kwa kuku, akafikishe hesabu hiyo kwa jirani. Daktari wa mifugo anayewajua ndege hutumia dawa iliyozimuliwa kwa ajili yao, akaiweka kwenye ngozi ya shingo kwa nyuma, na kurudia baada ya wiki mbili hivi. Mafuta laini kwenye ukoko husaidia kuulainisha na kuuziba utitiri pumzi, lakini yapakwe kwa pamba, kidogo, kwenye ukoko tu. Yakilowesha manyoya, ndege anapoteza kinga yake ya baridi.

Utitiri wa kooni ndio unaonisikitisha zaidi, kwa sababu hauonekani. Sternostoma tracheacolum ulielezwa na R. F. Lawrence wa Afrika Kusini mwaka 1948. Unaishi kwenye bomba la hewa na vifuko vya hewa vya kanari na ndege wadogo wa jamii ya Gouldi kutoka Australia. Dalili ya kwanza ni ukimya: kanari dume aliyekuwa akiimba tangu alfajiri ananyamaza. Kisha usiku unasikia mlio mdogo wa kugongagonga kila anapovuta pumzi, mdomo uko wazi, mkia unapanda na kushuka. Kipimo chake kinahitaji chumba chenye giza na tochi kali. Manyoya ya shingo yanaloweshwa kidogo yalale, mwanga unawekwa upande wa pili wa koo, na penye utitiri mwingi huonekana vidoa vyeusi ndani ya bomba la hewa.

Ndege wa namna hii ndiye mwenye ndege humpulizia dawa ya mbu akidhani anamwokoa. Hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Mapafu ya ndege hayajazwi na kumwagwa kama yetu. Hewa hupita upande mmoja, ikisukumwa na vifuko ambavyo kwa kawaida ni tisa, na kila kilichomo hewani huingia kwenye damu upesi. Ndiyo sababu wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waliingia na kanari migodini kupima gesi ya sumu hadi mwaka 1986. Vidonge vya nondo vinavyoning'inizwa kandoni mwa tundu ili kufukuza wadudu vina hatari hiyo hiyo. Hata tiba sahihi ya utitiri wa kooni inataka uangalizi wa daktari, kwani utitiri uliokufa kwa wingi unaweza kuziba njia ya hewa.

Na kuna kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda, anayejinyonyoa kifua hadi ngozi ibaki wazi. Huyu hupigwa dawa ya utitiri kuliko wote, na ndiye ambaye mara nyingi hana utitiri kabisa. Mtazame kichwa. Kama manyoya ya kichwani, mahali ambapo mdomo wake haufiki, yako kamili na yanang'aa, basi anajinyonyoa mwenyewe. Kinachohitajika ni daktari achunguze lishe, ini na virusi, na mwenye nyumba ajiulize ndege mwenye akili nyingi namna ile anashinda akifanya nini peke yake kwenye tundu.

Ukienda kununua ndege, nenda mchana na umtazame kwa mbali kwanza. Anapumua kwa mdomo? Mkia unacheza? Halafu mshike juani, ukague pembe za mdomo na magamba ya miguu. Mdomo uliopakwa mafuta yanayong'aa una jambo unaloficha, mwache. Akifika nyumbani akae chumba tofauti kwa wiki nne hadi sita, awe na vyombo vyake. Walishe wa zamani kwanza, mgeni mwisho, na uoshe mikono kila utokapo kwake.