Neno refu la Kiingereza kwenye boksi? Likate kama unavyokata Kiswahili

Wauzaji wenzangu wa Shinyanga, Kahama, Geita na Katoro, mnajua ile mteja anakutumia picha ya boksi na kuuliza, "Hii maana yake nini?" Wengi hujibu "hiyo ni orijino bosi," halafu wanasubiri lawama. Mimi nalikata neno.

Wala siyo kazi ya walimu tu. "Hairudishiki" unalielewaje? Ha-i-rudish-ik-i. Sasa "non-refundable" ni hivyo hivyo: non inakanusha, refund ni kurudisha pesa, able ni ile -ika yetu. Ukiliona kwa muuzaji wa jumla, ujue ukishalipa ndiyo basi. "Rechargeable" inachajika tena, "washable" inafulika. Ukiishika hiyo able, maboksi mengi yatakuwa mepesi.

Kwenye tochi ndiko kwenye kesi. "Waterproof" na "water-resistant" zote zinaanza na maji, ila mkia ndio unaoongea. Proof, maji hayapenyi. Resistant, inavumilia tu, yakizidi yanaingia. Na mteja wako anashuka nayo duarani! Mwambie kabla hajalipa.

Halafu kuna "inflammable" kwenye makopo ya kupuliza. Hapo in- haikanushi kitu: inashika moto upesi, sawa kabisa na "flammable". Isiyoshika moto ni "non-flammable".

Wa vipodozi, nyie someni mpaka viambato, yale maandishi madogo ya nyuma. "Hydroquinone" usihangaike na maana, kata silabi uitambue: hy-dro-qui-none. Siyo "hydrating", hiyo ni kuipa ngozi unyevu. Ukikuta "mercuric" au "mercurous", toa mkia, inabaki mercur. Ni zebaki ile ile wachimbaji wetu wanayokamatia dhahabu, sasa iko kwenye krimu ya kupaka usoni. Haidrokwinoni na zebaki zote zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni TBS. Ukikutwa nazo, mzigo ni wako, siyo wa aliyekuuzia Kariakoo.

Kwa hiyo kabla hujatuma hela, omba picha ya mgongo wa boksi. Mbele huwa wameandika "glow" tu na kuweka sura ya mdada.