Bushi za Pampu ya Mkono: Kwa Nini Hulika, na Kaboni Inaweza Kusaidia Nini

Mpini wa pampu ya mkono aina ya Afridev unapoanza kuyumba huku na huku, mara nyingi chuma hakina kosa. Kilicholika ni bushi, vile vipande vidogo vya plastiki vinavyoubeba mpini kwenye egemeo lake na mahali fito za pampu zinaponing'inia. Bushi ikiachwa mpaka iishe, chuma husagana na chuma, na kituo cha maji huweza kusimama kwa sababu ya kipande kinachoenea kiganjani.

Pampu hii iliundwa katika miaka ya 1980, sehemu kubwa ya kazi ikifanyika Malawi na Kenya, kwa shabaha kwamba wanakijiji waweze kuitengeneza wenyewe. Plastiki ilichaguliwa kwa makusudi: haishiki kutu wala haihitaji grisi. Bushi ya nje ni ya poliasetali, ya ndani ni ya nailoni, kwa kuwa plastiki za aina moja zikisuguana aghalabu hulana upesi zaidi.

Plastiki hulika kwa njia mbili kuu. Kwanza, nyuso zilizobanwa pamoja hunatana mahali padogo padogo, na kila mpini unapopanda na kushuka, chembe hung'olewa. Pili ni mchanga. Punje moja ikiingia kati ya bushi mbili huchimba mifereji kama msasa. Katika mashine ziendazo kasi huongezeka joto, ambalo plastiki huchelewa kulitoa, hata ikalainika. Kwenye pampu ya mkono jambo hilo si kubwa.

Mwaka 1991 mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, alieleza maumbo ambayo leo huitwa nanotyubu za kaboni. Ni tabaka za atomu za kaboni zilizoviringika mfano wa mkeka, nyembamba mara maelfu kuliko unywele, na ukakamavu wake unakaribia mara 5 ya ule wa chuma cha pua. Zikichanganywa na plastiki iliyoyeyushwa, hata kwa asilimia 1 au chache tu ya uzito, hufanya kazi inayofanana na ile ya majani makavu katika udongo wa kukandika nyumba: hushikilia kile ambacho kingebanduka. Hubeba sehemu ya mzigo, husaidia kutawanya joto, na uso wa plastiki hulika polepole zaidi.

Ugumu wote uko katika kuchanganya. Nanotyubu hupenda kushikamana na kuwa madonge, kama uzi uliojisokota. Donge ndani ya plastiki si nguvu bali ni udhaifu, na hapo ndipo kipande humeguka. Kwa hiyo kuzidisha kaboni kwaweza kuharibu bushi badala ya kuiimarisha. Tena, hata mchanganyiko mzuri hauondoi mchanga. Punje ngumu bado itakwaruza.

Haya yanaihusu kamati ya maji siku inapokwenda dukani. Weusi wa bushi si ushahidi kwamba ina nanotyubu. Mabomba meusi ya maji tunayoyafukia mashambani nayo yana kaboni, lakini ni unga mweusi wa kawaida unaoikinga plastiki na jua. Muuzaji akitaja kaboni ili apandishe bei, aulizwe kwanza bushi imetengenezwa kwa plastiki gani na kama vipimo vyake ni vya Afridev. Bushi ya kawaida yenye vipimo sahihi ni bora kuliko ya ajabu isiyokaa vizuri.

Plastiki yenye nanotyubu isipigwe msasa wala kuchomwa ovyo. Mwaka 2014 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani waliiweka aina moja ya nanotyubu katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Hofu iko kwenye vumbi linalovutwa puani.

Kujua kama bushi zimekwisha, shika ncha ya mpini na uusukume kando. Ukicheza sana, mwite fundi abadilishe bushi ya ndani na ya nje kwa pamoja, maana mpya ikiwekwa juu ya iliyolika haikai sawasawa. Na asipake grisi: hiyo hukamata mchanga na kuupeleka palepale panaposuguana.