Fahamu: Ukihama Matogoro, sheria ya bunduki haibadiliki

Anayehama Texas kwenda California hukuta masharti magumu zaidi ya bunduki na kodi ya nyumba iliyo juu. Anayehama Matogoro, Songea, kwenda Dar es Salaam naye atapandishiwa gharama, lakini sheria ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015 ni ileile. Hilo ni jema: bunduki nyingi zinazokamatwa Chicago zilinunuliwa jimbo jirani la Indiana, kwenye masharti legevu.

Wapo wasemao kwamba mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori anaonewa. Hapana; sheria haimnyimi silaha, inamtaka aombe leseni. Hata gobore, linaloshindiliwa baruti mdomoni, ni silaha. Asiye na leseni alisalimishe polisi kabla ya kufunga mizigo.