Gia Ngumu na Klachi Inayoteleza: Namna ya Kutambua Hitilafu ya Pikipiki Kabla ya Kufungua Injini

Pikipiki inayogoma kuingia gia katikati ya kilima si kero ya dereva peke yake. Mama mjamzito anayewahishwa zahanati, mkulima anayepeleka mazao mnadani na mwanafunzi anayeishi mbali na shule, wote huutegemea usafiri huo, hasa katika vijiji ambavyo barabara zake hazipitiki kwa gari wakati wa masika. Aidha, vipo vikundi vilivyonunua pikipiki kwa mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Siku pikipiki inapolala gereji, rejesho la mkopo nalo hukosa pa kutokea.

Malalamiko ya gia ngumu ni miongoni mwa yale yanayosikika sana katika vijiwe vya bodaboda. Mara nyingi chanzo chake si gia zenyewe, bali ni klachi. Nazo hitilafu za klachi ni za namna mbili zinazopingana: ipo klachi isiyoachia, na ipo klachi isiyoshika. Tiba ya moja huidhuru nyingine. Anayekaza waya bila kujua ni ipi kati ya hizo mbili anayokabiliana nayo aweza kuunguza pleti ambazo zilikuwa nzima.

Maelezo haya yanahusu pikipiki za kawaida za abiria zenye injini ya CC 100 hadi 150 na mkono wa klachi upande wa kushoto wa usukani. Pikipiki zisizo na mkono wa klachi zina mfumo tofauti.

Klachi inavyofanya kazi

Klachi ni kiungo kati ya injini na gia. Ndani yake mna pleti za msuguano zinazozungushwa na injini, zilizopangwa kwa kupishana na pleti za chuma zinazozungusha gia. Springi huzibana pleti hizo pamoja, na kwa mbano huo nguvu ya injini hufika kwenye tairi. Dereva anapovuta mkono wa klachi, waya huvuta kijikono kilichopo kwenye injini, springi zinazidiwa nguvu, pleti zinaachana, na gia zinabaki bila kusukumwa na injini.

Pleti huachana kwa nafasi ndogo mno ikilinganishwa na mwendo wa mkono wa klachi. Kwa sababu hiyo, waya uliolegea kidogo tu hutosha kuzuia pleti zisiachane sawasawa.

Meno ya gia za pikipiki za aina hii hukutana wakati wote. Kinachobadilika dereva anapokanyaga pedali ni vishikizo vya pembeni mwa gia, ambavyo husogea na kujipachika gia moja kwa nyingine. Ikiwa klachi haijaachia, vishikizo hivyo hukutana vikiwa bado vinasukumwa kwa nguvu. Ndipo husikika mgongano mkali, pedali hugoma, na ncha za vishikizo huanza kulika taratibu.

Dalili za klachi isiyoachia

Dalili ya kwanza ni gia ya kwanza kuingia kwa kishindo, au pikipiki kutaka kuondoka ilhali mkono wa klachi umevutwa hadi mwisho. Dalili ya pili ni ugumu wa kuipata nyutro, ambayo waendeshaji wengi huiita frii, pikipiki inaposimama huku injini ikinguruma. Wengine hulazimika kuzima injini ndipo waipate. Dalili ya tatu ni injini kuzimika ghafla mara gia inapoingizwa.

Sababu za kawaida ni waya uliolegea, waya mkavu au uliochakaa, na oili iliyozeeka. Mara chache zaidi, pleti za chuma huwa zimepinda kwa joto, au kikapu kinachobeba pleti za msuguano huwa kimechimbika mifereji inayozizuia pleti kusogea.

Dalili za klachi isiyoshika

Hapa gia huweza kuingia vizuri kabisa, lakini nguvu haifiki kwenye tairi. Dereva akiongeza mafuta akiwa amepakia au anapanda kilima, mlio wa injini hupanda lakini mwendo hauongezeki. Baada ya muda husikika harufu ya kuungua.

Sababu ni waya uliokazwa mno, pleti za msuguano zilizokwisha, springi zilizochoka, au oili isiyofaa. Waya uliokazwa mno huifanya klachi iwe kama inayovutwa kidogo wakati wote, hata dereva asipoigusa. Pleti husuguana, hupata joto na kuungua.

Kupima kabla ya kufungua

Kipimo cha kwanza hufanyika injini ikiwa imezimwa. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa, ile inayoliinua tairi la nyuma, kisha iingizwe gia ya kwanza. Endapo gia itakataa kuingia, tairi lizungushwe kidogo kwa mkono huku pedali ikikanyagwa. Kukataa huko pikipiki inapokuwa imezimwa ni jambo la kawaida wala si hitilafu. Baada ya hapo mkono wa klachi uvutwe hadi mwisho na tairi lizungushwe. Klachi ikiwa inaachia vyema, tairi litazunguka, ingawa kwa uzito kiasi kutokana na oili iliyopoa. Likigoma kabisa, klachi haiachii.

Kipimo cha pili ni cha kuteleza. Katika barabara tambarare isiyo na watu wala magari, dereva aendeshe kwa gia ya juu, kisha aongeze mafuta. Mlio wa injini ukipanda ghafla bila mwendo kufuata, klachi inateleza. Kipimo hiki kisifanywe pikipiki ikiwa na abiria.

Kurekebisha mlegeo wa waya

Mlegeo, ambao mafundi huuita plei, ni umbali ambao ncha ya mkono wa klachi husogea kabla waya haujaanza kuvuta springi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii, umbali huo huwa kati ya milimita 10 na 20. Pale kitabu cha pikipiki kinapotaja kipimo kingine, kifuatwe hicho.

Kazi hii ifanywe injini ikiwa imepoa, ili mrekebishaji asiungue kwa ekzosi. Kwanza waya ukaguliwe kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa karibu na kichwa chake kinachokaa ndani ya mkono wa klachi. Waya wenye uzi hata mmoja uliokatika haurekebishwi, bali hubadilishwa, kwa kuwa nyuzi zilizosalia zitakatika wakati wowote, pengine pikipiki ikiwa mteremkoni. Waya ulio mzima lakini mzito udondoshewe oili nyepesi hadi itokee upande wa pili.

Marekebisho yana sehemu mbili. Juu, penye mkono wa klachi, pana skrubu ya kuzungushwa kwa vidole na nati ya kuifunga. Chini, karibu na injini, pana nati mbili zinazobana ganda la waya. Skrubu ya juu irudishwe ndani karibu yote. Kisha nati za chini zilegezwe kwa spana, na ganda la waya lisogezwe hadi mlegeo ukaribie kipimo. Nati zikishafungwa, skrubu ya juu itumike kumalizia: kuitoa nje hupunguza mlegeo, na kuirudisha ndani huuongeza. Mwisho nati yake ifungwe, na mlegeo upimwe tena kwa rula.

Kabla ya kuondoka, usukani ugeuzwe kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Mlegeo ukibadilika kwa kiasi kikubwa, waya umepitishwa vibaya au unabanwa mahali. Hali hiyo ni ya hatari, kwa kuwa klachi yaweza kujivuta au kukataa kuachia dereva anapokata kona.

Oili na klachi ni ndugu

Klachi ya pikipiki hizi huoga katika oili ileile inayolainisha injini na gia. Kwa hiyo oili iliyozeeka huzifanya gia kuwa nzito, na oili iliyopungua huziacha zikisuguana zikiwa kavu. Kiwango kikaguliwe kwa kijiti cha kupimia au kioo kilichopo ubavuni mwa injini, pikipiki ikiwa imesimama wima.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Baadhi ya oili za magari zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta machache. Kwa klachi inayooga oili, kupunguza msuguano ni kuifanya iteleze. Chupa ya oili ya pikipiki yenye klachi ya namna hii inapaswa kuwa na alama ya JASO MA au MA2. Alama ya JASO MB ni ya oili yenye msuguano mdogo, inayokusudiwa zaidi skuta, wala haifai hapa.

Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni, kwa kuwa maji ya mvua huibeba hadi visimani na mitoni. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye mfuniko hadi ipatikane sehemu inayopokea oili iliyotumika.

Klachi ikiwa sawa na gia bado ngumu

Endapo mlegeo na oili viko sawasawa na tatizo lingalipo, yakaguliwe mambo matatu ya nje. La kwanza ni pedali ya gia: boliti yake ikilegea au meno ya ndani yakilika, mguu husogea lakini gia haibadiliki. La pili ni mnyororo: uliolegea mno huleta kishindo kinachodhaniwa kuwa cha gia, na uliokazwa mno huumiza beringi. Kwa nyingi ya pikipiki hizi mnyororo huchezacheza milimita 20 hadi 30 katikati yake. La tatu ni mngurumo wa injini pikipiki ikiwa imesimama: ukiwa juu mno, gia ya kwanza huingia kwa kishindo hata klachi ikiwa nzima.

Gia inayoingia kisha ikajitoa yenyewe ni habari nyingine. Hiyo ni dalili ya kulika kwa vishikizo vya gia au uma zinazozisogeza, na hairekebishwi kwa waya. Vivyo hivyo, klachi inayoendelea kuteleza baada ya mlegeo kurekebishwa na oili sahihi kuwekwa ina pleti au springi zilizokwisha. Katika hali hizi injini haina budi kufunguliwa na fundi mwenye ujuzi, naye mwenye pikipiki ana haki ya kuonyeshwa vipuri vilivyotolewa kabla ya kulipia vipya.

Tabia zinazoua klachi

Klachi nyingi huuawa na mikono ya waendeshaji. Kuweka vidole juu ya mkono wa klachi safari nzima, kuishikilia pikipiki kilimani kwa nusu klachi badala ya breki, kuondoka kwa gia ya pili ukiwa umepakia, na kupakia abiria zaidi ya mmoja, yote haya huzisugua pleti hata waya ungerekebishwa vizuri namna gani. Kukanyaga gia kwa nguvu bila kuvuta klachi yote nako huzila ncha za vishikizo.

Kupima mlegeo huchukua dakika chache kila wiki, na huhitaji rula na spana tu. Waya wa klachi ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa katika pikipiki, ilhali kufungua injini kwa ajili ya gia ni miongoni mwa kazi za gharama kubwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Vikundi vyenye pikipiki za mkopo vinashauriwa kuipanga siku moja ya wiki kuwa ya ukaguzi wa pamoja, na kuandika katika daftari la kikundi tarehe ya kubadilisha oili na ya kurekebisha waya kwa kila pikipiki. Daftari hilo litaonyesha mapema ni pikipiki ipi inayorekebishwa mara kwa mara kuliko nyingine, nayo ndiyo itangulie kwa fundi kabla haijakwamia njiani na mgonjwa.