Nani Aliyepima Damu Yako?

Daktari anapokusikiliza kifua, unamwona. Nesi anapokuchoma sindano, unamjua kwa sura, pengine na kwa ukali wake. Lakini yule aliyeipima damu yako nyuma ya kidirisha cha maabara, akaandika kwenye karatasi kwamba sukari ni kiasi fulani na chumvi ni kiasi fulani, huyo humjui. Hata hivyo karatasi yake huenda ikapewa uzito kuliko maelezo yako yote. Katika mazungumzo ya juma hili, basi, tumtazame mtu huyo, mkemia wa hospitali. Kazi yake huitwa kemia ya tiba, nayo si ya kale kama wengi wanavyodhani.

Kutazama mkojo, naam, ni jambo la kale. Katika Ulaya ya zama za kati tabibu alitambulika kwa chupa ya kioo aliyoinyanyua kwenye mwanga ili aone rangi na mashapo. Wengine waliuonja. Usikunje uso, maana Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza wa karne ya 17, ndiye aliyeandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Na waganga wa Bara Hindi walikuwa wamekwisha kuujua utamu huo karne nyingi kabla yake, hata wakaona jinsi sisimizi wanavyoukimbilia. Lakini utamu wa kitu gani? Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha mkojo wa mgonjwa wake mpaka maji yakakauka, akabakiwa na kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Yeye naye, kama unavyoona, ilimbidi aonje.

Mwaka 1827 Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha habari za wagonjwa waliovimba miili. Mkojo wao ulipopashwa moto uliganda kama ute wa yai. Ilikuwa ni protini iliyovuja kutoka kwenye figo mbovu. Kijiko na mshumaa vilitosha kwa kipimo hicho, wala hakuhitajika mtu mwingine. Daktari alipima mwenyewe pale pale penye kitanda.

Maabara za kemia ndani ya hospitali zilianza kuonekana miaka ya 1840. Johann Joseph Scherer alikuwa na yake mjini Würzburg, Johann Florian Heller mjini Vienna. Wakati huo huo, huko Uingereza, Alfred Baring Garrod alionyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi ya yuriki kupita kiasi. Baadaye akabuni kipimo cha ajabu kwa urahisi wake: unatia uzi wa kitani katika majimaji ya damu yaliyochanganywa na asidi kidogo, unauacha, kisha unatazama kama chembe zimeung'ang'ania. Shida ilikuwa damu yenyewe. Vipimo vingi vya siku hizo vilitaka damu nyingi mno, na mgonjwa hawezi kukamuliwa kila asubuhi kama ng'ombe.

Mtu aliyelitatua jambo hilo kuliko wengine ni Otto Folin, Msweden aliyehamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1900 aliajiriwa na hospitali ya McLean, karibu na Boston, kuchunguza mikojo ya wagonjwa wa akili. Hebu fikiri, mkemia anayelipwa mshahara na hospitali, naye si daktari! Folin alitumia rangi. Unatia dawa katika sampuli, rangi inatokea, unailinganisha na rangi ya sampuli ambayo kiasi chake unakijua. Mwaka 1919 yeye na Hsien Wu, mwanasayansi kutoka China, walitoa utaratibu wa kupima vitu kadhaa kwa damu kidogo tu. Haukupita muda insulini ikapatikana Toronto, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akachomwa sindano ya kwanza. Insulini ikizidi huua, ikipungua haisaidii. Bila mtu wa kupima sukari ya damu mara kwa mara, dawa hiyo ingekuwa kamari.

Sasa jiulize: je, tarakimu za wapimaji hao zilikuwa za kweli? Kwa miaka mingi kila hospitali ilijiamini. Mwaka 1947 madaktari wawili wa Marekani, Belk na Sunderman, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo mimi naliona kuwa muhimu kuliko mashine zote zilizofuata. Walipeleka sampuli zile zile kwenye maabara za hospitali za Pennsylvania, kisha wakangoja majibu. Majibu yasiyoridhisha yalikuwa mengi kuliko yaliyoridhisha! Ndiyo kusema damu moja iliweza kumfanya mtu awe mzima huku na mgonjwa kule.

Mwaka uliofuata wakemia wa hospitali nchini Marekani waliunda chama chao; wenzao wa Uingereza waliunda chao mwaka 1953. Vyama husaidia, lakini dawa yenyewe ilitoka viwandani. Mwaka 1950 Levey na Jennings walichukua mtindo wa mafundi wa kukagua bidhaa wakauleta maabara: kila siku pima sampuli ile ile unayoijua, kisha weka nukta kwenye chati. Mwaka 1957 ikaingia sokoni mashine ya Leonard Skeggs wa Cleveland, ambayo sampuli hupita ndani ya mirija zikitenganishwa kwa mapovu ya hewa. Kazi ya siku nzima ikawa ya saa chache, na madaktari, kama ilivyo desturi yao, wakaagiza vipimo zaidi.

Huku kwetu, Kenya ilipitisha mwaka 1999 sheria ya kuwasajili mafundi na wateknolojia wa maabara. Mashine za leo ni za kompyuta, lakini ile chati ya mwaka 1950 ingali inatumika. Ina mstari katikati na mipaka juu na chini. Nukta ya asubuhi ikitoka nje ya mipaka, mpimaji anayeijua kazi yake hayatoi majibu ya mgonjwa yeyote, hata kama foleni imefika mlangoni, mpaka sababu ipatikane.