Bustani za Nyanda za Juu (4): Ua Refu Lisilougua

Mimea vamizi imeirudisha Ngorongoro kwenye habari, nami sina budi kusimamisha kidogo somo letu la kutu na ubwiri unga. Wasomaji wa Karatu huuliza: tupande ua gani, refu na lisilougua? Swali hilo lina mtego. Ua la ugenini lisiloguswa na ugonjwa wala mdudu ndilo lenye nguvu ya kuvuka uzio na kuingia msituni.

Tujifunze kwa Amani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko Usambara Mashariki kituo cha utafiti, wakakusanya mimea ya tropiki kutoka mabara mbalimbali: ya mpira, ya kwinini, ya mbao, ya viungo. Wageni wengine walitulia walipopandwa, wengine hawakutulia. Clidemia hirta, kichaka cha Amerika, kilifuata vijia hadi ndani ya msitu. Maesopsis, mti wa hapahapa nchini, wa upande wa Kagera, ulipata usafiri wa bure: hondohondo walikula matunda yake na kuangusha mbegu, nao ukajaza mapengo ya miti iliyokatwa. Zaidi ya karne imepita na msitu wa Amani bado unalipa deni hilo. Waliopanda walijali manufaa; hawakujiuliza ni nani angemzuia mgeni wao.

Lantana nayo ilitoka Amerika ikiwa pambo, na leo inasumbua Ngorongoro. Tithonia ya Meksiko, ile ya maua makubwa ya njano inayompita mtu kimo, ni mbolea nzuri ya majani, lakini isipandwe karibu na msitu.

Basi chagueni wenyeji: Leonotis ya maua ya rangi ya chungwa, kipenzi cha ndege chozi; Crotalaria agatiflora, ambayo mizizi yake hurutubisha udongo; mshubiri mrefu, Aloe volkensii; na Kniphofia thomsonii penye unyevu. Si kwamba hawana maadui, wamezoeana nao. Wapeni nafasi hewa ipite, mwagilieni shinani asubuhi.

Chemchemi za Karatu hulishwa na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Anayekunywa maji yake hana haki ya kuufanya msitu huo jalala la mapambo yake.

Wiki ijayo: kukusanya mbegu za Leonotis.