Seattle na mapipa yake ya aina mbili

Mwaka 1988 mji wa Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ulianza kuzoa taka za kurejelezwa nyumba kwa nyumba. Ulikuwa umebanwa: madampo yake mawili, Midway na Kent Highlands, yalikuwa yameshafungwa, na wazo la kujenga tanuri la kuchomea taka lilikuwa limepingwa vikali. Kazi ikagawanywa kwa kampuni mbili, kila moja na utaratibu wake.

Kaskazini kila kaya ilipewa visanduku vitatu vya kupandanisha: kimoja cha magazeti, kingine cha karatasi mchanganyiko, cha tatu cha chupa na makopo. Lori lilipita kila wiki. Kusini watu walipewa pipa moja kubwa la magurudumu wachanganye humohumo, na lori likaja mara moja kwa mwezi.

Upande wa kaskazini watu walijitokeza kwa wingi zaidi. Je, ndiyo kusema visanduku vitatu vilishinda? Hapana, au tuseme bado. Vyombo vilitofautiana, siku za kuzoa zikatofautiana, na wakazi pia, kwani kusini ndiko walikokuwa wengi wa kipato cha chini na wahamiaji. Mambo matatu yakibadilika kwa mpigo, huwezi kujua ni lipi lililoleta tofauti. Jaribio la namna hiyo lafaa kwa siasa kuliko kwa hesabu.

Tena mlangoni si mahali pekee pa kupimia. Lori la taka zilizotenganishwa lina vyumba. Chumba cha makopo kikijaa, lazima lirudi kumwaga hata kama cha magazeti kina nafasi. Pipa moja huinuliwa kwa mkono wa chuma, dereva asiteremke. Hapo mchanganyiko una nafuu. Lakini fuata mzigo huohuo hadi kiwandani: chupa zimevunjika zilipomwagwa na kushindiliwa, vipande vimejichoma ndani ya magazeti, na mabaki ya soda yamelowesha karatasi. Kiwanda cha karatasi hakitaki mzigo huo, maana kioo hula mashine. Ile nafuu ya barabarani imelipwa na wanaochambua taka.

Mwaka 2000 Seattle iliunganisha mji mzima: pipa moja la mchanganyiko, chupa zikae kando. Mwaka 2009 chupa nazo zikaingizwa humo. Mitambo ya kuchambua ilikuwa imeboreka, lakini mnunuzi mkubwa alikuja kuwa mkali: mwaka 2018 China iliweka kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5 kwa taka nyingi za karatasi na plastiki zilizoingia nchini.

Jambo moja halikutofautiana kati ya kaskazini na kusini. Tangu 1981 kaya za Seattle zilikuwa zikilipia taka za kawaida kulingana na idadi ya mapipa, ilhali uzoaji wa taka za kurejelezwa haukuwa na ada ya ziada. Kaya iliyotoa magazeti kwenye taka hadi idadi ya mapipa ikapungua ilipata akiba mfukoni. Mimi ningeanza kupima hapo kabla sijagusa umbo la pipa.